Maneno ya Ziada katika Kiingereza cha Pwani ya Ruvuma

Sentensi mbili za Kiingereza zafaa kuwekwa mbele ya msomaji kabla ya hoja yo yote. Ya kwanza ni ya aina iandikwayo na mwanafunzi wa sekondari katika Mtwara, Mikindani au Msimbati: "He returned back and entered inside the house." Ya pili ni ya aina ibandikwayo na ofisi penye ubao wa matangazo: "It has been decided that in the event that the utilisation of prohibited fishing gear is carried out within the boundaries of the area, the confiscation of the said gear shall be effected." Zote mbili zimetungwa hapa kwa mfano tu, lakini yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari au kupokea barua za ofisi katika pwani ile hatashindwa kuzitambua. Sentensi ya kwanza hupigwa mstari mwekundu mara mbili, chini ya "back" na chini ya "inside", kwa sababu kurudi ni kurudi na kuingia ni kuingia. Ya pili haipigwi mstari. Huhesabiwa kuwa Kiingereza kizito cha watu wazima, na mwanafunzi hodari hufundishwa kuiga mfano wake atakapoandika barua ya kuomba kazi.

Hukumu hiyo imepinduliwa juu chini. Ziada ya mwanafunzi ina sababu katika lugha aliyoizoea, haimdhuru mtu, na kuisahihisha ni kazi ya dakika moja. Ziada ya ofisi haitokani na lugha yo yote ya pwani, humficha mtenda wa jambo, na msomaji huilipia gharama kubwa. Makosa haya mawili kuyaita kwa jina moja na kuyatibu kwa orodha moja ya maneno yaliyokatazwa ndilo jambo linalostahili kukosolewa.

Shauri la kukata maneno ya ziada ni la zamani katika mafundisho ya Kiingereza. Ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, walilitanguliza katika The King's English, mwaka 1906. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alilifanya kuwa kanuni katika kijitabu alichowachapishia wanafunzi wake mwaka 1918. Mmoja wao, E. B. White, akakitengeneza upya mwaka 1959 kikaenea duniani. George Orwell alilirudia mwaka 1946 katika insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Kisha mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, alitoa Plain Words, kitabu kidogo cha kuwafundisha watumishi wa serikali kuandika barua ambazo raia azipokeaye aweza kuzielewa.

Tarehe hiyo ya mwisho ina maana yake katika pwani ya kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuwa imeutangaza mpango mkubwa wa karanga, na Mtwara ilikuwa ikitayarishwa iwe bandari ya mpango huo na mwanzo wa reli ya kwenda Nachingwea. Mpango uliachwa mwaka 1951. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na lugha ya ofisi iliyokuja pamoja na makasha na mashine ilibaki pia. Basi Kiingereza cha ofisi kilikuwa kikijijengea makao Mtwara katika miaka ile ile ambayo huko kwao Hazina ilikuwa ikimtafuta mtu wa kukirekebisha. Walioirithi lugha hiyo walipewa ugonjwa bila kupewa dawa. Na dawa ilipofika baadaye, ilifika katika vitabu vya shule kwa sura ya orodha: usiseme "free gift", usiseme "past history", usiseme "return back". Hoja ya Gowers, kwamba barua ipimwe kwa yule atakayeisoma, haikusafiri pamoja na orodha.

Isidhaniwe kwamba kusini ni mbali na Kiingereza chema. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa karibu na Ndanda mwaka 1938, alisoma fani ya Kiingereza Makerere na kuhitimu mwaka 1962. Miaka minne baadaye alikuwa mhariri wa gazeti la The Nationalist. Mhariri wa gazeti hulipwa, kwa sehemu, kwa kukata maneno ya wengine. Ustadi haukukosekana, bali ulikosekana uchunguzi wa nini hasa kinachokatwa.

Mwaka 1948 una jambo jingine. Katika mwaka ule ule wa Plain Words, Claude Shannon, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, alichapisha nadharia yake ya upelekaji wa habari, na ndani yake akakadiria kwamba uziada wa Kiingereza cha kawaida ni karibu nusu. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya kile kiandikwacho haichaguliwi na mwandishi. Imekwisha kuamuliwa na utaratibu wa lugha yenyewe. Shannon hakuyasema hayo kwa kulaumu. Uziada ndio uwezeshao ujumbe ulioharibika njiani kusomeka bado. Lugha isiyo na ziada hata kidogo ingepoteza maana yake yote kwa herufi moja iliyofutika.

Mswahili hahitaji hesabu ili kulikubali jambo hili. Katika maneno "vile vyombo vidogo viwili vimezama", wingi wa vyombo umetajwa mara tano. Kwa mizani ya orodha, mara nne ni za bure. Lakini mtu asimame juu ya mchanga wa Msimbati wakati wa kusi, apigiwe kelele na mwenzake aliye ndani ya dau, upepo ukichukua neno moja katika kila mawili: atasikia "vi... vidogo... vime...", na atajua kwamba si mtu mmoja wala chombo kimoja. Upatanisho wa kisarufi hufanya kazi ya farumi ndani ya jahazi. Farumi si shehena, haiuzwi bandarini, na nahodha hailipii ushuru. Lakini chombo kitupu kisicho nayo hakifiki.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu neno la ziada ni kazi gani lilikuwa likifanya, na swali hilo likiulizwa juu ya sentensi ya mwanafunzi, jawabu lapatikana upesi. Katika Kiswahili watu husema "ingia ndani", "toka nje", "panda juu", "shuka chini", "rudi nyuma", na hakuna asikiaye kosa. Sababu ni kwamba vitenzi hivi vina mizigo mingi. "Ametoka Lindi" ni kueleza mahali mtu alikoanzia safari. "Ametoka nje" ni kueleza alikokwenda. "Ametoka" peke yake ni kusema tu kwamba hayupo. Neno "nje" halirudii maana ya kitenzi, huichagua. "Kuingia" nako si kwa miguu tu: mtu huingia hasara, huingia woga, huingia kazini. "Ndani" humwambia msikilizaji kwamba safari hii pana mlango na kizingiti. "Kurudi" ni pana zaidi: nguo iliyofuliwa hurudi, yaani hupungua, na mzazi humrudi mtoto wake kwa maneno au kwa fimbo. Anayesema "rudi nyuma" ameziondoa maana mbili kwa neno moja dogo. Na katika ghuba iitwayo ya Mnazi yafaa kukumbuka kwamba "amepanda mnazi" hakumwelezi msikilizaji kama mtu yule ameshika jembe au ameshika kamba ya miguuni. "Amepanda juu ya mnazi" kwatosha kuondoa shaka.

Mwanafunzi basi huja na desturi iliyo sahihi, akaiweka mahali ambapo haina kazi. Na hata katika Kiingereza desturi hiyo si ngeni. Wenyewe husema "come back", "go in", "climb up", "sit down", na ndani ya "sit down" neno la pili hufanya kazi ndogo sana, kwa kuwa hakuna akaaye kwenda juu. Vitenzi vya asili ya Kiingereza hupenda kufuatwa na neno la mwelekeo kama vile vya Kiswahili. Tofauti ni kwamba "return", "enter" na "descend" vilitoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na vilikuja vikiwa na mwelekeo umefungwa ndani yao. Mwanafunzi wa Mtwara hauoni mwelekeo huo, kwa kuwa hakuna aliyemfungulia neno na kumwonyesha kiambishi kilichomo. Anakiona kitenzi kitupu akakijaza. Hapana uvivu wa fikra hapo. Kuna kanuni ya kisarufi iliyotumiwa kwa bidii kupita mpaka wake.

Ndivyo ilivyo kwa "discuss about", ambayo ni Kiingereza cha Afrika Mashariki yote wala si cha Mtwara peke yake. "Zungumza juu ya" hudai maneno yake mawili ya mwisho. Na Kiingereza chenyewe hudai "about" kitenzi kikigeuka jina, kama katika "a discussion about". Mwanafunzi amefanya kitenzi kifuate jina lake. Jambo hili latosha kusahihishwa kando ya ukurasa. Kulipunguzia alama, na kulihesabu pamoja na upuuzi, ni kumfundisha mtoto kwamba lugha ya nyumbani kwao ndiyo chanzo cha maneno matupu. Na hilo si kweli.

Sentensi ya pili ni habari nyingine. Ina maneno thelathini na matatu. Njia iliyo bora ya kuipima si kuyahesabu, kwa kuwa Kiswahili hubeba ndani ya neno moja kile ambacho Kiingereza hukigawia maneno manne, na hesabu ingekuwa ya udanganyifu. Njia iliyo bora ni ile ifanyikayo kila siku katika mikutano ya vijiji: kumpa mkalimani karatasi na kumwomba awaeleze watu. Wengi wa watu hao walianza kwa Kimakonde na Kiswahili ni lugha yao ya pili. Mkalimani mwema, asiyetaka kujionyesha, atasema hivi: "Imeamuliwa kwamba mtu akivua kwa zana zilizokatazwa ndani ya eneo hili, zana hizo zitachukuliwa."

Yatazamwe yaliyopotea njiani. "In the event that" imekwenda katika silabi moja, "-ki-". "Utilisation" na "is carried out" yamekuwa "kuvua", kwa sababu mtu hafanyi utumiaji wa zana za uvuvi, huvua. "Boundaries" imeingia ndani ya "ndani". "Effected" haikuacha hata alama. Hakuna aliyekuwapo mkutanoni aliyepungukiwa kwa kupotea kwa maneno hayo, na hiki ndicho kipimo kilicho wazi cha uziada: neno ambalo mkalimani mwaminifu huliacha bila msikilizaji kudai lilipwe.

Lakini mkutano haujaisha. Mkalimani akinyamaza, mzee mmoja huuliza: imeamuliwa na nani? Mwingine: zitachukuliwa na nani, na zipelekwe wapi? Wa tatu huuliza zana gani. Kokoro, au baruti, au na nyavu za macho madogo pia? Mkalimani hutazama tena karatasi yake, na majawabu hayamo. Maneno thelathini na matatu yalipangwa kwa namna ambayo hayakumtaja mtu hata mmoja. Huko ndiko kudhuru kwa lugha ya ofisi: wingi wa maneno huficha upungufu. "Utilisation" na "confiscation" ni vitenzi vilivyovishwa nguo za majina, na kitenzi kikishavaa nguo hizo hakilazimiki tena kutaja mtenda wake.

Hapa ndipo vitabu vya Kiingereza vyenyewe vyahitaji kukosolewa. Mwanafunzi wa Strunk angeitengeneza sentensi ile haraka: "Prohibited gear used in the area will be confiscated." Maneno tisa, yote mepesi, hakuna liwezalo kukatwa. Na maswali ya wazee watatu yamebaki pale pale bila kujibiwa. Kanuni ya kukata imekata ziada ikaacha pengo, na mbaya zaidi, imeling'arisha pengo likaonekana kama ustadi. Sentensi inayowajibu wazee ni lazima imtaje ofisa, izitaje zana kwa majina yake, itaje mahali zitakapowekwa na mtu wa kuendewa na mwenye malalamiko. Huenda ikafika maneno arobaini. Itakuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, wala haitakuwa na neno moja la bure. Orwell alilikaribia jambo hili aliposhambulia sentensi zisizo na mtenda pamoja na maneno ya bure; lakini kwake hizo ni kanuni mbili zilizopangwa katika orodha moja, na wasomaji wengi wakaibeba iliyo rahisi, ile ya kuhesabu.

Jambo hili si la darasani tu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, chini ya sheria ya mwaka 1994, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 650 hivi za bahari, mikoko na vijiji vyenye watu. Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Mikataba yake nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Si haki kusema kwamba lugha ndiyo iliyoleta machafuko ya Mtwara ya Januari na Mei 2013, kwa maana sababu zake zilikuwa za mali na za siasa. Ila maswali yaliyoulizwa barabarani yalikuwa ya umbo lile lile la maswali ya mkutanoni: nani ameamua, nini kinakwenda, na kinabaki nini.

Yasemwe na ya wanasheria, ambao hudai kwamba ziada yao ni ya lazima. Kiingereza cha sheria kimejaa maneno ya jozi: "goods and chattels", "will and testament", "null and void". Baada ya mwaka 1066 sheria ya Uingereza ilisemwa kwa lugha zaidi ya moja, na mwandishi mwangalifu aliweka neno la Kiingereza ubavuni mwa neno la Kifaransa au Kilatini ili kila mmoja alione lake. Ilikuwa farumi nzuri kwa safari ile. (Jozi ya "null and void" haiwezi kujificha nyuma ya udhuru huo, kwa kuwa maneno yake yote mawili yalikuja na Kifaransa.) Kiswahili nacho kina jozi zake: "amani na utulivu", "mila na desturi", "dhahiri shahiri". Nyingine huunganisha neno la Kiarabu na la Kibantu kwa namna isiyo mbali na ile ya Waingereza, nyingine ni mapambo ya sikio, nazo zafaa mahali pake, katika hotuba na katika mashairi.

Taabu huanza jozi ya Kiingereza inapotafsiriwa kana kwamba ni vitu viwili. Mfano ulio wazi kupita yote husikika kila siku redioni na huandikwa kwa herufi ndogo chini ya matangazo ya biashara: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Kiingereza chake ni "terms and conditions apply". Ndani ya Kiingereza hicho maneno mawili hutaja jambo moja, na Kiswahili kina neno lake kamili, "masharti". Lakini mfasiri aliona majina mawili akatafuta majina mawili. Akakiokota "kigezo". Neno hili latokana na "kugeza", yaani kuiga. Nalo lilikuwa na kazi yake ya heshima, kutaja kipimo au mfano ambao vitu vingine hulinganishwa nao. Leo mamilioni ya wasikilizaji hulisikia kama pacha wa masharti. Ziada ya lugha moja imeharibu neno lililokuwa zima katika lugha nyingine, na hakuna orodha ya makosa ya Kiingereza iliyowahi kulitaja jambo hilo, kwa sababu orodha hizo hutazama upande mmoja tu wa mto.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, jambo hili limekuwa kazi ya kila siku ya wafasiri. Mfasiri akikutana na "null and void" ana njia mbili. Aweza kuandika "batili" akanyamaza, na mahakama haitapungukiwa. Aweza pia kuandika "batili na si halali", akaacha nyuma yake wakili wa mwaka fulani ujao atakayesimama kudai kwamba bunge halisemi maneno mawili bure, na kwamba kwa hiyo kipo kitu kilicho batili lakini ni halali. Hapa ushauri wa kukata ni mwema, na wafaa kufuatwa bila huruma.

Haufai kufuatwa bila huruma kila mahali, na kwa hili Mikindani ina kumbukumbu yake. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika mlangoni mwa Ruvuma, akakuta mikoko imefunga njia ya wanyama wake, akageukia Mikindani na kuanzia huko safari yake ya mwisho. Alipokufa mwaka 1873, daftari zake zilibebwa hadi pwani pamoja na maiti yake. Horace Waller alizihariri na kuzichapisha London mwaka 1874, akisaidiwa na Susi na Chuma waliofika Uingereza mwaka ule. Waller alikuwa mhariri mwenye bidii. Alikata na kubadili. Lakini miongoni mwa aliyoyaacha nje yalikuwamo yale yaliyochafua sura ya shujaa aliyotaka wasomaji waione: hasira za msafiri, na ubaya wa watu wa msafara wake mwenyewe. Daftari ya mwaka 1871, ambayo Livingstone aliiandika juu ya magazeti ya zamani kwa kukosa karatasi, ilisomwa upya kwa picha za mianga mbalimbali na kutolewa mwaka 2011, na tofauti kati yake na kitabu kilichochapishwa si ya mapambo. Kwa macho ya Waller maneno yale yalikuwa ya ziada. Swali la nani afaidiye neno likikatwa lapaswa kuulizwa hata kabla ya swali la kama neno lile lilihitajika.

Yabaki kutajwa kwamba Kiingereza cha ofisi hakikukaa katika Kiingereza. Ndani ya Kiswahili cha barua na hotuba kimezaa "zoezi la uandikishaji", "suala zima la upatikanaji wa maji", "katika kipindi hiki cha sasa", "ili kuweza kufanikisha". Maji hayapatikani tena. Kuna upatikanaji wa maji, nao "unaendelea kuboreshwa", na hakuna aulizwaye ni nani aboreshaye. Kiswahili ni lugha ambayo kitenzi chake hakikubali kwa urahisi kusimama bila nafsi: "wameandikisha", "tumeleta", "atachimba". Ili kumficha mtenda, mwandishi hukigeuza kitenzi kuwa cha kutendwa, au hukivunja na kukijenga upya kuwa jina. Jina la Hifadhi lenyewe lina chembe ya ugonjwa huu. Wavuvi hupaita mahali pale mlango wa mto, maneno mafupi ambayo mtoto huyaelewa. "Maingilio" yametafutwa mbali, na kati ya bahari na mto hayaonyeshi wazi ni nani aingiaye kwa mwenzake.

Mwalimu wa Kiingereza aliyeketi Mtwara na rundo la madaftari aweza basi kuibadili kalamu yake bila kungoja mtaala mpya. Kwenye "returned back" aandike pembeni kwamba "re-" imekwisha kufanya kazi ya "back", aeleze mara moja mbele ya darasa ile habari ya vitenzi vya Kilatini, na alama azibakishe. Kwenye "it has been decided" aandike neno moja, "Nani?", na alama azizuie mpaka mwanafunzi ajibu. Mwanafunzi huyo baada ya miaka kumi huenda akawa ndiye karani wa kijiji, au mkalimani wa mkutano, na karatasi ya maneno thelathini na matatu itakuwa mkononi mwake, na wazee watatu mbele yake.